Pampu Iliyojiwasha Nyumbani kwa Mwalimu

Shule niliacha darasa la nne, kazi nimeiacha mwezi uliopita. Hapo katikati nimefungua pampu nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, na Mungu analijua hilo, hatujafichana. Nyinyi mnaobaki karakana kule Kitale mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi kabla sijazama kabisa kwa kuku wangu hapa Kanduyi. Basi nimeandika. Mjukuu wangu Nekesa, yule anayesomea uhandisi, alitaka kunisahihishia Kiswahili. Nikamwambia, wewe sahihisha mashine zenu huko chuoni, maneno ya nyanya yako yaache yatembee vile yametoka.

Nani alikuwa mkubwa wa nani pale kazini sitaandika. Hayo yako kwa faili za ofisi, panya wanayasoma.

Siku yangu ya kwanza karakana sikuja kama fundi. Nililetea wanaume chai na mandazi. Mzee Ndiwa, mtu wa Mlima Elgon, mrefu na mkimya, alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu inayozunguka. Alikuwa amesimamisha bisibisi ndefu juu ya chuma chake na kishikio cha mti amekiweka sikioni. Nikafikiri anaomba. Akasema bila kugeuka:

"Weka birika chini. Kuja usikie."

Nikaweka sikio. Ndani ya ile bisibisi kulikuwa na dunia nzima.

"Unasikia nini?"

"Mtu anatafuna mchanga."

Akanitazama sasa, mara ya kwanza. "Hiyo ni beringi imekufa. Hawa wawili wamekaa hapa mwaka mzima, wanasikia kelele tu." Aliwaonyesha vijana wake kwa kidevu. "Kesho usilete chai. Kuja na nguo mbaya."

Nikaenda na nguo mbaya. Nimezivaa mpaka mwezi uliopita.

Mzee Ndiwa hakufundisha kwa maneno. Alikuachia pampu mbele yako na kwenda kukaa kivulini. Ukimwita kabla hujachoka hakuji. Neno moja tu alilirudia mpaka anaingia kaburini: pampu haina akili. Haina hasira, haina mapenzi, haijui ni Jumapili. Ikiwaka, kuna kitu kimeiwasha, kitafute. Bisibisi yake alinipa mimi. Vijana wake walinuna wiki mbili, kisha wakazoea kununa.

Kesi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ilikuwa hapa hapa Kanduyi, nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Pampu yake ya kumwagilia nyasi ililia kama mtoto mchanga, watoto wakakataa kulala upande ule. Walikuwa wameita maombi mara tatu kabla ya kuniita mimi. Nilipofika pasta bado yuko, ameshika chupa ya mafuta. Nikafungua: beringi imekauka na sili ya kuzuia maji imepasuka. Nikamwambia pasta mafuta yake ni mazuri, ila hapa tunataka grisi. Hakucheka. Mke wa mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ukuta.

Nawasimulia hiyo mjue mimi si mtu wa kushtuka haraka. Nimetoa nyoka kwa tangi Malakisi. Nimetoa meno ya bandia kwa paipu, na mwenyewe akayachukua, akayasuuza, akayavaa. Lakini kuna nyumba moja Kitale, upande wa barabara ya Endebess, nikiikumbuka bado nywele za mkono zinasimama. Ilikuwa kazi yangu ya karibu mwisho, na ndiyo nataka muijue vizuri.

Ilikuwa Januari, jua la kuchoma, nyasi za mji wote zimegeuka rangi ya mkate. Mama Jentrix alinipigia simu. Ni mama wa umri wangu, mtu wa Lwakhakha, alikuwa ameolewa na mwalimu mkuu mstaafu. Kila mtu alimwita huyo mume Mwalimu tu. Mwalimu aliipenda nyasi yake kuliko wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliipanda mwenyewe, akachimba mitaro mwenyewe, akalaza paipu mwenyewe, akaweka vinyunyizio pembe zote nne. Ramani hakuchora, kwa sababu ramani ilikuwa kichwani mwake. Kichwa hicho sasa kilikuwa chini ya hiyo hiyo nyasi. Aliomba azikwe hapo, na wakamzika hapo, miezi minne kabla sijaitwa.

Nilifika Alhamisi saa sita mchana. Mama Jentrix alinikalisha barazani na kunimiminia chai. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Nyumba ilikuwa kimya. Jua limesimama juu ya kaburi, na kaburi limepakwa chokaa nyeupe mpaka linaumiza macho.

"Koki zote zimefungwa?" nikauliza.

"Zote, dada. Za nyasi, za jikoni, za bafu. Nimefunga kwa mkono wangu. Watu wengine hapa hakuna, ni mimi na paka."

"Na pampu inafanya nini?"

"Ngoja tu."

Tukangoja. Chai haijapoa, nyuma ya nyumba pampu ikawaka. Peke yake. Ikanguruma kitambo, kama muda wa kusema Baba Yetu, halafu ikazima. Mama Jentrix alikuwa ameweka kikombe chini na kufumba macho.

"Umesikia? Ndiyo hiyo. Anakunywa."

"Nani anakunywa?"

Akanieleza. Siku za mwisho Mwalimu alikuwa hamezi tena. Daktari alisema asipewe kitu kwa mdomo, hata tone, lingeingia kwa mapafu. Mwalimu akaomba maji. Aliomba siku mbili. Mama Jentrix alimpangusa midomo kwa kitambaa na kumwambia ngoja kidogo, baba, ngoja kidogo. Akafa akimwangalia hivyo. Wiki moja baada ya mazishi pampu ikaanza kujiwasha.

"Shemeji yangu Simiyu amesikia, na ukoo wote umesikia. Wanasema nilimnyima mtu maji na sasa anajichotea. Jumamosi wazee wanakuja. Wakiamua ni mimi, dada, narudi Lwakhakha na begi moja. Miaka yote hii. Na Lwakhakha kwenyewe nitaenda kwa nani? Wazazi walishaisha."

"Wewe unaamini?"

Pampu ikawaka tena. "Mimi nilimnyima," akasema.

Sasa nyinyi, kazi. Msiende kwa pampu na hadithi ya mwenye nyumba masikioni. Nilianza na kile kisanduku cha saa kinachowasha pampu kwa ratiba, nikachomoa waya wake kabisa. Pampu ikawaka vile vile, kwa hivyo si saa. Nikaenda kwa tangi la presha, nikabonyeza ile sindano ya upepo. Ukiona maji yanatoka hapo, mpira wa ndani umepasuka. Ilitoka hewa safi, kwa hivyo si tangi. Mwisho nikafunga koki kubwa inayopeleka maji kwa nyasi, nikavuta stuli, nikakaa mbele ya geji ya presha. Mshale ulisimama. Nusu saa nzima umesimama kama askari. Pampu kimya.

Nikafungua koki kidogo. Mshale ukaanza kushuka. Haukuanguka, ulishuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi kwa miguu mitupu asiamshe nyumba. Ulipofika chini swichi ikagonga, pampu ikawaka.

Hapo jibu lilikuwa tayari: maji yanatokea mahali kwenye nyasi. Basi nikavua viatu nikatembea juu ya nyasi yote, kwa sababu mguu unajua unyevu kuliko jicho. Kavu, inavunjika kama kashata. Nikaenda kona ya kwanza, ya pili, zote nne. Kavu. Maji ya miezi minne, na hakuna hata tope la kulowesha kidole.

Halafu nikageuka nikaona kaburi kutoka upande wa pili. Kulizunguka, nyasi ilikuwa ya kijani. Kijani ya Mei, ya mvua. Na ilikuwa na kingo nne zilizonyooka, kama mtu ametandika shuka na kuvuta pembe zake. Nikasogea. Saruji ya juu ilikuwa imezama upande wa kichwa, vidole viwili hivi. Na pale iliposhuka, kulikuwa na ufa mwembamba.

Nikatoa bisibisi ya Mzee Ndiwa. Nikaichoma ardhini mbali, karibu na lango, nikapiga magoti, nikaweka sikio. Kimya. Nikasogea hatua kumi. Mbali sana, nikasikia kama mtu anavuta pumzi kwa meno. Nikasogea tena, sasa nimefika upande wa kichwa.

Kilimeza.

Nimesikiliza paipu miaka mingi. Najua sauti ya maji yanayovuja, yanayochemka, yanayorudi nyuma. Hii haikuwa hizo. Ilimeza, ikatulia, ikatoa pumzi, ikameza tena. Niliondoa sikio nikaangalia jua. Lilikuwa bado pale. Ng'ombe wa jirani alikuwa anakula majani. Nikarudisha sikio, bado inameza. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mwalimu, samahani, ni kazi." Msinicheke. Mngekuwa nyinyi mngekimbia na kuacha spana.

Nilijua lazima nichimbe hapo. Na nilijua siwezi. Udongo wa kaburi la watu hauguswi na fundi wa kupita, hata kama fundi ni nyanya. Nikamwambia Mama Jentrix nitarudi Jumamosi, nichimbe mbele ya hao wazee. Alinishika mkono mpaka kwa lango. Ijumaa nzima nilikula bila kujua nakula nini.

Jumamosi nilikuta wazee watano wamekaa kwa viti vya plastiki, wameipa nyasi mgongo. Mama Jentrix alikaa mbele yao chini kwa mkeka. Begi lake lilikuwa mlangoni, tayari limefungwa. Sijui kama alifunga yeye au alifungiwa. Simiyu, mdogo wa marehemu, ndiye alikuwa anaongea. Mwanaume mnene, shati jeupe, sauti ya kanisa.

"Nyumba ambayo mwenyewe anachukua maji akiwa chini, wazee wangu, nyumba hiyo inalia. Mimi sisemi shemeji ni mbaya. Nasema aende kwao kwanza, tutulize mambo."

"Atulie nani?" nikasema kutoka nyuma. "Paipu ndiyo inavuja, bana."

Wakageuka wote. Simiyu akanipima kutoka kichwa mpaka ovaroli, akaniita mama kwa kilugha chetu. "Mayi, hapa ni mambo ya ukoo. Mafundi watangoja."

"Nitangoja nikiwa maiti. Nipeni saa moja. Nichimbe hatua moja kutoka kwa saruji, sigusi kaburi. Nikikosa paipu iliyopasuka, huyu mama mwondoe, na begi nitambebea mimi."

Mzee mmoja, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na macho yameanza kuingia ukungu, akauliza polepole, "Na ukipata?"

"Nikipata, mtamwambia pole."

Walinong'onezana. Mzee wa macho ya ukungu akainua fimbo. "Achimbe. Lakini kijana wetu yeyote asishike jembe."

Sawa. Nikashika mwenyewe. Nilikuwa na miaka sitini na kitu na goti moja la kulalamika, lakini jembe nililijua kabla ya spana. Nikahesabu hatua kutoka kwa saruji, upande wa kichwa, nikaanza. Wao wote wakasimama kwa mstari barazani. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na mkavu. Nilipofika usawa wa goti, ukaanza kuwa mweusi. Kisha ukawa baridi. Baridi ya kupanda kwa soli za buti, kwa jua lile.

Nyuma ya nyumba pampu ikawaka.

Na safari hii kila mtu alisikia, bila bisibisi, kwa sababu nilikuwa nimefungua ardhi. Chini ya ile saruji kitu kilimeza. Kikatulia. Kikavuta pumzi. Mwanamke mmoja aliyekuja na wazee, ndani ya nyumba, akaanza kuomba kwa haraka. Wazee wawili walirudi nyuma mpaka ukutani. Mama Jentrix hakusogea, alikuwa ameinuka kwa magoti, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemsikiliza mtoto wake usingizini.

Nikapiga jembe tena. Udongo mtupu. Nikapiga upande wa kulia, udongo mtupu. Jasho linaingia machoni, na mimi najiambia, Nanjala, umechimba pabaya, umemponza huyu mama.

"Mayi," sauti ikasema. "Si huko. Sogea kushoto. Mkono mmoja hivi."

Nikasogea kushoto. Jembe la tatu likagusa plastiki.

Nikasimama wima ndani ya shimo. Alikuwa Simiyu. Alikuwa ameshuka kutoka barazani bila mtu kumwona, amesimama juu yangu, na shati jeupe limemganda mgongoni.

"Umejuaje ni kushoto?" nikauliza.

Nikainama, nikafuta matope kwa kiganja. Paipu ilikuwa na jeraha la jembe, mkato safi wa kando, urefu wa kidole. Na jeraha lilikuwa limefungwa. Mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara nyingi na kukazwa kwa kamba ya katani. Kazi ya mtu, kazi ya haraka. Mpira ulikuwa umelegea, na maji yalitoka chini yake kwa uzi mwembamba, yakaingia moja kwa moja kwenye udongo laini wa kaburi. Chini ya saruji palikuwa pamebaki uwazi. Maji yakiingia, hewa ya ndani ilitafuta njia kupitia ule ufa. Ndiyo sauti. Ndiyo ile pumzi.

Nikainua kile kipande cha mpira juu, kila mtu akakiona.

"Simiyu," yule mzee wa ukungu akasema, "si wewe uliongoza wachimbaji?"

Akaketi. Si kwa kiti, alikaa pale pale kwa udongo niliotoa. "Nilipiga paipu alfajiri nikipanua mdomo wa shimo, vijana wameenda kunywa chai," akasema. "Shimo lilikuwa limeshafika kifuani. Na shimo la mtu likishaanza halihamishwi, mnajua wenyewe. Ukiliacha wazi litaita mwingine. Ningewaambia nini? Jembe langu limekutana na kitu kwa kaburi la kaka yangu? Mngeniuliza nimefanya nini. Nikafunga na tyubu, nikarudisha udongo, nikanyamaza."

"Na pampu ilipoanza?" nikauliza.

"Wiki ya kwanza nilijua ni ile paipu."

"Na wiki ya pili?"

"Wiki ya pili watu walishasema ni yeye." Hakumtazama Mama Jentrix. "Halafu mayi, ile sauti. Mimi mwenyewe nilikuja mchana nikaisikia kwa ule ufa. Nikaanza kuamini."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, Nekesa atasoma hapa. Kwa kifupi nilimwambia ameacha mwanamke abebe jembe lake miezi minne.

Kisha nikafanya kazi. Sikuunga mahali pale pale, na nyinyi msije mkaunga hapo. Nilikata paipu kabla ya kaburi na baada ya kaburi, nikapitisha mpya kwa kuzunguka mbali, elibo nne za kupindisha kona, gundi, tepu. Ile iliyopita kichwani pa Mwalimu niliiziba pande zote mbili na kuiacha ilale naye. Tukafungua koki kubwa. Wazee watano na mimi tukasimama mbele ya geji kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Mshale ukapanda, ukasimama. Hatukusikia kitu. Hiyo saa nzima hatukusikia kitu.

Yule mzee mkubwa akaenda mpaka kwa mkeka, akavua kofia. "Mama Jentrix," akasema, "tumekukosea. Hii ni nyumba yako." Akachukua begi kwa mkono wake mwenyewe akalirudisha ndani, polepole, akipapasa ukuta.

Nilifikiri Mama Jentrix angepiga vigelegele. Mimi nilikuwa karibu kuvipiga kwa niaba yake. Yeye alitembea mpaka kaburini, akasimama upande wa kichwa, akasikiliza. Akainama zaidi. Halafu akalia, kilio ambacho hakulia mbele yangu Alhamisi.

Nikamfuata. "Mama Jentrix, si umeshinda?"

"Kwa hivyo hakunywa," akasema.

Sikuelewa.

"Dada, wewe umekuja jana juzi. Mimi nimekaa na hiyo sauti miezi minne. Kwanza niliogopa. Baadaye, kila ikiwaka, nasema kunywa, baba. Kunywa, leo daktari hayuko. Hiyo ndiyo ilikuwa inanilaza. Sasa umeniambia hakunywa hata tone."

Niwaambie ukweli, vijana. Nimerekebisha pampu za mahoteli na mashamba ya maua, na hakuna mteja aliyewahi kunifanya nitamani nisingerekebisha. Nilisimama pale na spana mkononi kama mjinga. Kuvuja sikuweza kumrudishia, kungezamisha saruji yote. Na maneno ya kumfariji sikuwa nayo, darasa la nne hawakufika huko.

Nikarudi kwa sanduku langu. Nikachukua kipande cha paipu kilichobaki, koki moja ndogo ya shaba na kinyunyizio kimoja. Nikatoa tawi kutoka kwa ile paipu mpya, nikalipandisha juu ya nyasi hatua mbili kutoka upande wa kichwa, nikakaza. Simiyu aliona nafanya nini, akaja bila kuitwa akashikilia paipu inyooke.

"Hii ni yako," nikamwambia Mama Jentrix. "Haiko kwa saa, haiko kwa ratiba. Haifunguki mpaka ufungue. Nyasi hapa itataka maji kidogo kila siku."

Alifuta mikono kwa leso kana kwamba anaenda kushika chakula. Akashika koki akaizungusha, kidogo kwanza, kisha yote. Maji yakapanda, yakafunguka hewani, yakashuka juu ya chokaa na juu ya nyasi, na harufu ya udongo uliolowa ikatufikia wote tuliosimama. Mama Jentrix alisema neno, lakini kwa sauti ya chini, na si kwetu.

Nyuma ya nyumba pampu ikawaka. Hakuna aliyeuliza nani ameiwasha.